Blanketi Ndani ya Sanduku la Mtarakwa

Mlipoingia asubuhi hii mlisikia harufu. Niliwaona. Mama mmoja alisimama pale mlangoni akavuta pumzi mara mbili kabla ya kutafuta kiti, na mzee mmoja wa safu ya tatu amekuwa akigeuza shingo tangu tulipoanza kuimba, anatafuta inatoka wapi. Mzee, usijiumize shingo. Inatoka hapa, kwenye hii mimbari mpya ninayoiegemea. Mafundi wetu wameitengeneza kwa nguzo kuukuu za ua wa shule ya zamani, nguzo za mtarakwa zilizosimama ardhini tangu kabla mimi sijazaliwa, na mchwa wa kijiji hiki, ambao tabia zao mnazijua wenyewe, hawakuzigusa. Nje zilikuwa za kijivu, mtu angeziona angesema ni kuni. Zilipopigwa randa zikawa nyekundu, na harufu iliyokuwa imejificha miaka yote hiyo ikatoka kana kwamba mti umeangushwa jana. Ni jamii ileile ya miti inayonukia ambayo tukisoma hapa tunaisikia ikiitwa mierezi.

Basi kwa kuwa harufu hii imekwisha kuwachukua mawazo, na mahubiri niliyoyaandaa yatashindana nayo bure, nitawapa mfano wa fundi.

Palikuwa na fundi seremala mmoja, huko juu milimani ambako asubuhi ukifungua mlango unakuta ukungu umekwisha kukaa barazani, na mtu halali bila blanketi zito la sufu hata miezi ya jua. Jina lake sitalitaja, maana nikitaja jina kila fundi aliye humu ataanza kujitetea. Kazi yake ilikuwa moja tu, masanduku ya nguo. Meza alikataa. Vitanda alikataa. Alisema mtarakwa ni laini, ukiuangushia kikombe unabonyea, na anayeutengenezea meza hajaujua bado. Alikuwa akisema, "Mti huu si wa kubeba vitu. Ni wa kutunza vitu."

Naye aliujua, ndugu zangu, msidhani ni maneno ya mtu anayesifu biashara yake. Alijua kwamba nyuzi za mti huo zimenyooka, hata kwa shoka unaupasua toka juu hadi chini ukapata ubao. Alijua kwamba kwa sababu hiyohiyo msumari huupasua, kwa hiyo pembe za masanduku yake aliziunganisha kwa meno yanayoingiana, na mahali pa bawaba alitoboa kwanza kwa keekee. Alijua mti una sehemu mbili, ile nyekundu ya moyoni na ile nyeupe ya kando karibu na gome. Nyekundu ndiyo inayonukia, na ndiyo wadudu wanayoikimbia. Nyeupe haina lolote, mchwa huila kama mahindi ya kuchemsha. Mafundi wengine walichanganya zote mbili wakapaka rangi juu, nani atajua? Huyu nyeupe yote aliipeleka jikoni, na mkewe alikuwa na kuni nyingi kuliko mke yeyote wa upande ule wa mlima.

Na kila sanduku lilipotoka kwake, mteja hakuruhusiwa kuondoka kabla ya kusomewa maagizo matatu. Fundi aliyasema akiwa ameuweka mkono juu ya kifuniko, kama mtu anayekabidhi mtoto. "Kwanza, ndani usipake vanishi. Ukipaka umelifunga mdomo. Pili, harufu ikipungua baada ya miaka usinilaumu, chukua msasa mwembamba uupitishe ndani polepole, itarudi. Tatu, nguo ya sufu usiiweke na jasho lake. Ifue, ianike juani siku mbili, ikung'ute, ndipo uikunje."

Hilo la tatu liliwashangaza wengi. Wakamuuliza, sasa kama lazima nifue na kuanika, sanduku lako lina kazi gani? Naye alikuwa na jibu lake. "Sanduku linamzuia nondo aliye nje asiingie kutaga. Lakini kama amekwisha kutaga kwenye nguo yako, mayai yake hayana pua."

Yashikeni hayo maagizo matatu. Tutayahitaji.

Siku moja fundi huyu aliletewa ujumbe na mkewe. Mama mkwe anataka sanduku. Na hapa lazima niwaeleze desturi mbili za watu wale, ingawa nikitazama nyuso zenu naona wengine hamhitaji kuelezwa.

Desturi ya kwanza ilikuwa ya blanketi. Kwao, binti akiolewa, bibi yake mzaa mama humsimamisha mlangoni akamfunika blanketi mabegani kabla hajavuka kizingiti. Si blanketi jipya la dukani. Ni lilelile alilofunikwa bibi mwenyewe siku yake, na mama wa binti siku yake, na likimaliza kazi linarudi kwa bibi kumsubiri binti anayefuata. Bila hilo binti anaolewa, ndiyo, hakuna atakayezuia arusi, lakini atasema maisha yake yote kwamba alitoka kwao mabega wazi.

Desturi ya pili ilikuwa ya ukwe. Mwanamume na mama mkwe wake walipendana kwa mbali. Hawakupeana mkono. Hawakula sahani moja. Na kitu chochote cha matandiko ya mama mkwe, shuka, mto, blanketi, mkwe hakukigusa wala hakukitaja kwa kinywa. Mnacheka. Mnacheka kwa sababu kwenu ni hivyo mpaka leo, na kuna mwanamume hapa ambaye mama mkwe akija kumtembelea yeye hulala kwa jirani.

Sasa blanketi la mama mkwe huyu lilikuwa likimsubiri binti wa fundi mwenyewe, kifungua mimba wake. Na mwaka ule mume wa mama mkwe alikuwa ameugua, akaugua muda mrefu, na kwa kuwa lile ndilo lililokuwa zito kuliko yote nyumbani, likatolewa likamfunika yeye. Alifia ndani yake. Mjane alipomaliza siku za matanga alilikunja kama lilivyo, akasema anataka sanduku zuri la kulitunza mpaka siku ya mjukuu.

Fundi hakutengeneza sanduku lingine wiki tatu zile. Alichagua nguzo nyekundu kuliko zote alizokuwa nazo. Alipasua, akapiga randa, na kila ubao uliokuwa na mstari mweupe hata wa upana wa kidole aliutupa. Kifuniko kilikaa bila mwanya, ukikiachia kilishuka taratibu kwa sababu hewa ya ndani haikuwa na pa kutokea. Alilibeba sanduku hilo mwenyewe mgongoni kupanda mlima. Alikuwa na haki ya kujivuna, nami namwachia ajivune.

Mama mkwe alimpokea uani, kwa umbali wa heshima. Mkewe ndiye aliyefungua kifuniko. Harufu ikajaa ua mzima, kuku wakasimama, na yule mama akafumba macho.

"Mkwe wangu, umenijengea nyumba," akasema.

"Ni ya binti yetu, mama," fundi akajibu. Akaweka mkono juu ya kifuniko akaanza maagizo yake. "Kwanza, mama, ndani usipake vanishi."

"Sitapaka."

"Pili, harufu ikipungua, msasa mwembamba, polepole."

"Nimesikia."

Wakati huohuo mkewe alitoka ndani ya nyumba amelikumbatia blanketi. Fundi alilitazama mara moja akatazama chini, kama inavyompasa mkwe, lakini jicho la fundi likiona limekwisha kuona. Upindo wa juu ulikuwa na weusi wa jasho la shingo. Palikuwa na doa la uji, na doa la dawa ya kikohozi. Halikuwa limeguswa na maji tangu mzee alipozikwa. Na yule mama akalipokea, akalilaza shavu lake juu ya ule weusi, akasema polepole, bila kumwambia mtu, "Bado ananukia humu."

Agizo la tatu lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa fundi. Lilikuwa palepale. Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Usimame mbele ya mama mkwe wako, mjane wa miezi minne, utaje blanketi lake, na si kulitaja tu, umwambie ni chafu. Umwambie harufu ya mumewe aimwage pamoja na maji ya sabuni. Mimi ninayesema nanyi leo nina digrii ya mambo haya, na sijui ningepata wapi ujasiri.

Fundi alilimeza agizo lile. "Ni hayo tu, mama."

Blanketi likawekwa. Kifuniko kikashuka taratibu, kwa ile namna yake nzuri.

Najua mnasema nini. Si angemwambia mkewe, mkewe amwambie mama yake? Alijaribu. Wakiwa njiani kuteremka akaanza, "Lile blanketi la mama."

"Lina nini?"

Akamtazama mkewe. Alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga, ametoka kumshika baba yake kwa mara ya mwisho, kwa namna fulani.

"Ni zito," akasema fundi.

"Ni zito kweli."

Mazungumzo yakaishia hapo. Na fundi akajiambia moyoni neno moja, nalo ndilo ninalotaka mlisikie vizuri kwa sababu tunalisema sana. Alijiambia, mbao zile ni bora, sanduku litashinda. Alikuwa akiwaambia wateja wake siku zote kwamba mayai hayana pua. Siku ile alitumaini, kwa ajili ya mama mkwe wake peke yake, kwamba labda yatapata.

Mwaka ukapita, na miezi mingine juu yake. Binti wa fundi akachumbiwa na kijana mzuri, mahari ikazungumzwa, siku ikatajwa. Zikiwa zimebaki siku tisa mke wa fundi akapanda kwa mama yake, wakafungua sanduku. Harufu ilitoka nzuri kama siku ya kwanza. Wakalishika blanketi huku na huku, wakaliinua, na mwanga wa dirishani ukapita katikati yake. Upindo wa juu ulibaki mkononi mwa yule mama, sehemu nyingine yote ikaanguka.

Habari ilishuka mlima kabla ya mke wa fundi. Kufikia jioni watu walikuwa wanasema mtarakwa wa siku hizi si mtarakwa. Wakasema fundi aliweka mbao nyeupe akazipaka rangi, tena kwa mama mkwe wake, basi sisi wengine ametuuzia nini? Mwanamke mmoja alilifungua sanduku lake akalimwaga lote kitandani, akakuta kila kitu salama, na bado akasema hana imani nalo. Wateja wawili waliokuwa wameagiza wakasema watasubiri kidogo. Mtu aliyetumia miaka ishirini kutupa ubao wenye mstari mweupe wa upana wa kidole sasa aliitwa mwongo sokoni, na binti yake alikuwa nyumbani analia kwamba atatoka mabega wazi.

Mkewe akamwambia, "Mama anakuita kesho. Ukoo utakuwepo. Amesema uje na vifaa vyako."

Akaenda na vifaa vyake. Na niwaambie, hakwenda kama mshtakiwa. Alivaa koti lake la Jumapili.

Ukoo ulikuwa umekaa kwenye viti uani, sanduku katikati, blanketi juu ya mkeka. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mumewe. Aliyesimama kusema alikuwa mdogo wa marehemu, mwanamume mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Mkwe," akasema, "tunakuheshimu. Umetuzalia watoto wazuri. Lakini hili sanduku limetuaibisha, na sisi tunataka kujua uliweka nini humu."

"Nitawaonyesha," fundi akasema.

Akavua koti. Akalitoa sanduku bawaba, akalegeza meno ya pembe moja baada ya nyingine, akazilaza mbao zote kwenye majani kama kurasa. Kila ubao aliugeuza. "Nionyesheni mweupe." Wakainama, wakatafuta, wazee kwa miwani. Hapakuwa na mweupe. "Nionyesheni tundu la mdudu, hata moja, hata la kupitisha sindano." Hapakuwa na tundu. Akachukua randa akapiga ubao wa ndani mara moja, ukatoka unyoya mrefu mwekundu uliojikunja, akampa yule mdogo wa marehemu. "Nusa, baba."

Yule mwanamume mnene akanusa. Akanusa tena. Akampa aliye karibu naye, na unyoya ule ukazunguka ukoo mzima kutoka pua hadi pua.

"Sasa tutazame blanketi," fundi akasema. Hakuligusa. Alichukua fimbo ndefu ya kupimia akaelekeza kwa ncha, kutoka mbali, kama inavyompasa mkwe. "Nondo aliyetoka nje angekula popote. Hawa hawakula popote. Upande wa miguuni, angalieni, mzima kabisa, sufu yake imesimama. Wameanzia hapa juu. Hapa kwenye doa hili la uji wamekula. Hapa palipomwagika dawa wamekula. Hapa pa shingoni, palipokuwa na jasho la mzee, hawakubakiza kitu. Nondo hutaga kwenye sufu yenye jasho, ndilo chakula cha watoto wake. Walikuwa humu kabla kifuniko hakijafungwa. Sanduku halikuwaingiza. Sanduku lilifungwa nao wakiwamo ndani, na kwa kuwa lilifungwa vizuri, hapana aliyepita akawaona."

Yule mwanamume mnene akapiga paja lake akacheka kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde. "Ameshinda. Fundi ameshinda." Shangazi mmoja akasema alijua tangu mwanzo, kama mashangazi wanavyojua tangu mwanzo. Mtu akamletea fundi kiti, mwingine akamletea chai. Jina lake lilikuwa limerudi, na lilikuwa safi kuliko awali. Alikaa, akachukua kikombe, akanywa. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, ndugu zangu, yule mtu alikuwa na furaha kamili.

Ndipo mama mkwe akasema.

"Mkwe wangu. Haya ya jasho na nondo, umeyasoma wapi?"

"Ni kazi yangu, mama. Ninayajua."

"Uliyajua tangu lini?"

Fundi akakiweka kikombe chini.

"Tangu zamani, mama. Huwa ninawaambia wateja. Wafue, waanike, ndipo waweke."

"Wote?"

Hakuna aliyecheka tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama, na fundi alijua kwamba anakumbuka njia ile ya kuteremka mlima na lile neno, ni zito.

"Wote, mama. Isipokuwa wewe."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, mama."

Yule mwanamke akalitazama blanketi. Alilitazama pale pa shingoni, mahali alipolaza shavu lake, ambapo sasa hapakuwa na kitu ila nyuzi chache. Alitaka kumtunza mumewe, na palipokuwa na mumewe ndipo palipoliwa kwanza. Nadhani hilo lilimuuma kuliko arusi.

Akasema, "Ungeniambia siku ile ningekasirika. Ningekasirika mpaka jioni. Ningemwambia binti yangu, mume wako amekosa adabu. Kesho yake ningelifua."

Halafu akainuka. Akaliokota blanketi kutoka mkekani, akalikunja mara mbili, akavuka ule umbali wa heshima waliokuwa wameulinda miaka ishirini na miwili, mbele ya ukoo wote, akaliweka mikononi mwa mkwe wake.

"Lifue wewe," akasema.

Na akalifua. Katika beseni palepale uani, mchana kweupe, kwa sabuni ya mche, mikono ya shati imekunjwa, na mashangazi wametazama kando kwa aibu kisha wakashindwa wakatazama. Alilianika juani siku mbili. Alilikung'uta. Mkewe na mama mkwe wakakata sehemu iliyoliwa, wakaupinda ukingo kwa uzi mwekundu. Siku ya arusi binti alisimamishwa mlangoni akafunikwa. Blanketi lilikuwa fupi, lilimfika kwenye viwiko tu. Lakini mabega yalifunikwa, na lilinukia mtarakwa na sabuni.

Sasa tuache fundi. Tuje kwetu.

Sisi tuna sanduku zuri. Msikubali mtu awaambie vingine. Kusanyiko hili ni la mti mwekundu. Waliotutangulia hawakutuchanganyia mbao nyeupe. Mtu akiingia humu anasikia harufu ya maombi, harufu ya nyimbo, harufu ya watu wanaozikana na kupelekeana uji wakati wa ugonjwa. Sijaja leo kulilaumu sanduku. Mkilifungua vipande vipande hapa uwanjani hamtapata tundu.

Lakini tumeingia humu na nini? Nani alitufua kabla ya kutukunja? Kuna mtu humu ambaye hajasema na ndugu yake wa tumbo moja miaka tisa, na kila Jumapili anatushika mkono wa amani, na sisi sote tunajua, na hapana hata mmoja aliyemwambia. Kuna mwalimu wa kwaya anayewadhihaki watoto mpaka wawili wameacha kuja. Anaimba vizuri mno, nani atamwambia? Kuna mzee wa kanisa ambaye mkewe huja na miwani ya jua siku za mvua. Kila mmoja wenu sasa hivi anafikiri juu ya mtu fulani, na kwa heshima hageuki kumtazama. Heshima hiyohiyo.

Tunajiambia nini? Tunajiambia lile neno la fundi. Sanduku litashinda. Akikaa humu muda mrefu atabadilika mwenyewe. Mahubiri yatamgusa. Harufu itamwingia. Ndugu zangu, mayai hayana pua. Alichokuja nacho mtu kwenye mkunjo wake hakiogopi harufu ya kusanyiko, kinakua vizuri humu, gizani, chini ya kifuniko chetu kinachokaa bila mwanya. Na kinaanza kula palepale tulipokuwa tunapapenda zaidi kwa mtu huyo. Kisha siku ya arusi tunaliinua blanketi, mwanga unapita, na tunakaa uani kuthibitisha kwamba kosa si la mbao. Tutashinda hiyo kesi. Mimi nina hakika tutaishinda. Na baada ya kuishinda mtu atatuuliza, ulijua tangu lini?

Wanaomeza agizo la tatu ni wale wanaopenda. Fundi alimpenda mama yule. Wateja aliowakuta sokoni, asiowajua hata majina, aliwaambia kweli yote, na nguo zao ziko salama mpaka leo. Aliyempenda kuliko wote ndiye aliyemnyima neno moja. Tazama nyumbani kwako. Dereva aliyekupita vibaya unamwambia kosa lake papo hapo. Mama yako, mume wako, rafiki yako wa miaka thelathini, unamwambia blanketi ni zito.

Wala msiseme mchungaji anatupa mawe kutoka mahali palipoinuka. Wiki tatu zilizopita, nikiwa nimesimama hapahapa, mtoto wa mama mmoja alilia katikati ya maombi, nami nikamwambia yule mama, kwenye kipaza sauti, amtoe nje kama hawezi kumlea. Mlinisikia wote. Mlikuwa zaidi ya mia mbili. Baada ya ibada mlinishika mkono pale mlangoni, mmoja mmoja, mkasema mchungaji, mahubiri mazuri. Niliamini kila mmoja wenu. Nilikwenda nyumbani nikala chakula changu kwa amani, nikalala.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniambia. Mke wangu, jana asubuhi, akinimiminia chai. Alisema amesubiri wiki tatu nijionee mwenyewe, na amechoka kusubiri. Nilikasirika mpaka jioni.

Leo ni kesho yake. Mama, naona umekaa karibu na mlango, mtoto amelala mgongoni. Naomba usitoke kabla sijafika hapo ulipo.